Pete ya Herieth na Beseni la Kahawa

Gaudiosa Ndunguru alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, na dawa yake hajaipata mpaka leo. Darasa la pili alitolewa nje kwa kumsumbua mwalimu: alitaka kujua kwa nini chaki nyeupe ikilowa inageuka kijivu. Alipofika nje akaendelea kuuliza kupitia dirishani. Miaka mingi baadaye, kwenye mafundisho ya ndoa, akamuuliza padre kwa nini pete ni ya duara wakati kisanduku chake kina pembe nne. Padre alicheka mpaka akavua miwani. Mchumba wake, mtu mpole asiyependa maneno, alikaa pale akitazama viatu vyake na kuwaza anaoa kitu gani.

Sokoni Mbinga walimwita Mama Kwa Nini, naye akaitika bila kinyongo. Kabla ya kuwa mfanyabiashara alikuwa anachambua kahawa kwenye ghala moja la mjini, yeye na wanawake wenzake, punje nzuri huku na mbovu kule. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao, lile ghala likapoa, na maduka ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na viberiti na chumvi tu yakafurika sabuni za kunukia, redio, mitumba na vitu vinavyong'aa. Gaudiosa akachagua vinavyong'aa. Akatandika meza yake kati ya muuza chumvi na fundi saa, akapanga hereni, bangili, mikufu, vibanio vya nywele, kyuteksi za kucha za kila rangi, na kisanduku cha pete kilichotoka Kariakoo kwa basi kupitia Songea.

Mwaka 1995, siku chache kabla ya Pasaka, akaja kijana mmoja anaitwa Aidan Kapinga, karani wa mnunuzi wa kahawa, pamoja na mchumba wake Herieth, msichana kutoka pwani ya ziwa, karibu na Mbamba Bay. Walikuwa wanatafuta pete za ndoa. Herieth alijaribu moja, ikamkaa sawasawa, akainua mkono juani akacheka mwenyewe.

"Ni dhahabu hii, mama?" Aidan aliuliza.

"Si unaiona mwenyewe inavyong'aa?"

Hilo si jibu. Gaudiosa alijua si jibu, na mimi siwezi kumtetea. Lakini mwaka ule kila mfanyabiashara wa urembo nchini alikuwa na maneno ya aina hiyo, na wanunuzi nao walikuwa wanayapenda, maana walitaka kuambiwa hivyo hivyo. Aidan akachukua jozi. Harusi ikafungwa wiki ya pili baada ya Pasaka, Herieth akiwa ameacha Uanglikana wa kwao na kuingia Ukatoliki wa mumewe, na Gaudiosa akasahau habari hiyo kama alivyosahau harusi nyingine nyingi alizozivisha.

Mpaka mwezi wa saba. Asubuhi moja Herieth alitokea mezani na furushi, amefunga kitenge hadi kidevuni kwa baridi, anangoja lori la kuteremka ziwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na furushi? Mkamwana gani anakwenda kusalimia kwao wakati kahawa imeiva?"

Herieth alitoa mkono wa kushoto ndani ya kitenge, akauweka juu ya meza katikati ya bangili. Chini ya pete, kuzunguka kidole chote, kulikuwa na ukanda wa kijani, mpana kuliko pete yenyewe, umekolea kwenye mikunjo ya ngozi.

"Mama mkwe amenirudisha nyumbani," alisema.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wa jumuiya waliona kidole hicho Herieth alipokuwa anagawa vitabu vya nyimbo, na minong'ono ikaanza. Pete iliyobarikiwa altareni haimgeuki mtu bure, walisema. Kidole cha Aidan ni safi, na pete ni jozi moja, zimebarikiwa kwa maji yale yale na padre yule yule. Sasa mwenye kasoro ni nani? Wengine wakaongeza kwamba labda binti hakuacha kwa moyo dini yake ya zamani. Wengine wakaongeza mengine ambayo sitayaandika. Mama yake Aidan, Walburga, ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kigango, kanisa lao dogo la kijijini, na maneno hayo yalimfikia yote, pamoja na yale ya mwisho. Akamwita mkamwana wake akamwambia aende kwao. Jumapili ya wiki ya pili wazee watateremka, na Herieth atasema mbele ya baba yake alichokifanya. Asiposema, abaki huko huko.

"Na umefanya nini?" Gaudiosa aliuliza. Ulimi wake haukuwahi kungoja ruhusa.

"Sijafanya kitu, mama. Hiyo ndiyo shida. Nimejichunguza mpaka nimechoka. Sasa nimefika mahali pa kuwaza labda kuna kosa nililifanya usingizini."

Maneno hayo yalimchoma Gaudiosa. Msichana wa miaka ishirini na moja anajitafutia dhambi kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na pete imetoka kwenye meza hii hapa. Akaona aibu, aibu kabisa, ikampanda mpaka masikioni. Na chini ya aibu, kama kawaida yake, kulikuwa na swali limeshaanza kutekenya.

"Hebu niambie. Tangu harusi mpaka mwezi wa sita, kidole kilikuwaje?"

"Safi. Nilikuwa nakitazama kila siku."

"Kijani kilianza lini?"

Herieth akafikiri. "Wiki ya pili ya kuosha kahawa."

"Unaosha kahawa na pete?"

"Siivui, mama. Siku ya kwanza tu nilipoingia pale nyumbani, mama mkwe aliniambia pete ya ndoa haivuliwi, hata ukienda kuoga. Sijaivua hata mara moja."

Lori likapiga honi. Herieth akabeba furushi lake, akapanda, akakaa juu ya magunia ya mahindi akiwa ameutia mkono ndani ya kitenge. Gaudiosa alibaki amesimama. Mteja aliyekuwa anauliza hereni aliuliza mara tatu, akaenda zake.

Ndani ya kisanduku zilibaki pete tisa za safari ile ile. Jioni hiyo Gaudiosa alikwenda nazo nyumbani.

Alikuwa na mibuni sitini nyuma ya nyumba, na matunda yalikuwa mekundu. Akachuma debe moja, akamenya kwa mashine ya jirani, akaziacha punje zivundike kwenye beseni kama kila mtu wa milimani anavyofanya, ulainike ule utelezi unaozishika. Kisha akazigawia pete kazi, kila moja na yake. Ya kwanza aliifunga kwenye kitambaa kikavu. Ya pili aliitia kwenye kikombe cha maji safi, ya tatu kwenye maji ya sabuni. Ya nne aliizika katikati ya kahawa inayovunda, na kila asubuhi akawa anaisugua pamoja na punje viganjani, jinsi wanawake wanavyosugua wakati wa kuosha. Ya tano aliivaa mwenyewe, akajikataza kugusa beseni kwa mkono huo.

Mumewe alipita, akatazama vikombe vimepangwa ukutani.

"Leo tunakula pete?" aliuliza, akaendelea na safari yake ya kwenda kwenye jembe.

Siku ya tatu Gaudiosa alizitoa zote, akazipanga juu ya ungo kwenye mwanga. Ya kitambaa ilikuwa inacheka kama siku iliyotoka Kariakoo. Ya maji safi ilikuwa imefifia kidogo sana, ukiangalia kwa makini. Ya sabuni ilikuwa na ukungu upande wa ndani, sabuni imeganda humo. Ile aliyoivaa ilikuwa imeacha kivuli cheusi chembamba kidoleni, akakumbuka kwamba jana yake alitokwa jasho jingi alipokuwa anabeba kuni. Lakini ile ya kahawa! Upande wa ndani dhahabu ilikuwa imekwisha, imetoka kwa kusuguliwa na punje, na chini yake kulikuwa na madini mengine yenye wekundu, na pembezoni kijani kimejikusanya, kijani kile kile.

Akachukua moja ya zilizobaki akaikwaruza kwenye jiwe. Dhahabu ilikuwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ndani ilikuwa shaba tupu. Alikuwa amewahi kuhisi hivyo, tuseme kweli, lakini kuhisi na kuona kwa macho ni vitu viwili, na sasa hakuwa tena na pa kujificha.

Kilichobaki ni kwa nini shaba ikifika kwenye kahawa inafanya hivyo. Alimvizia Kilian, bwana shamba, alipokuwa anapita na pikipiki yake, akamsimamisha katikati ya barabara akiwa na ungo mkononi.

"Rangi hii umewahi kuiona wapi?"

Kilian akainama. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye subira, na alishazoea kusimamishwa na mwanamke huyu. "Kwenye pampu yangu ya kunyunyizia," alisema. "Kwenye koki zake. Na kwenye majani ya kahawa tukishapiga dawa ya mrututu. Mrututu wenyewe ni shaba, mama. Shaba ikiliwa ndiyo inatoa rangi hiyo."

"Inaliwa na nini?"

"Na ukali. Kahawa ukiivundika inachachuka, ule utelezi wake unakuwa mkali kama limao. Hata jasho lina chumvi, linaila shaba hivyo hivyo, ila polepole. Ndiyo maana wengine wanavaa bangili mwaka mzima hawaoni kitu, wengine siku moja ya jua kali mkono umebadilika."

"Na ngozi inaharibika?"

"Haiharibiki. Imepakwa tu. Akiivua, akanawa kwa sabuni, siku chache inatoka yenyewe. Ila mtu akiwashwa, ngozi ikavimba au ikatoa vipele, hiyo ni habari nyingine. Kuna madini mengine wanachanganya kwenye urembo, na ngozi za watu wengine hazipatani nayo kabisa. Huyo avue asirudie."

Gaudiosa akawakumbuka wateja wake watatu waliovimba masikio, akayakumbuka na majibu aliyowapa, akapiga moyo konde akaendelea. "Na asiyewashwa, azuie vipi?"

"Asiilowanishe. Avue akiosha, akioga, akilima. Aifute jasho, aiweke pakavu. Zaidi ya hapo ni kuweka kitu kati ya shaba na ngozi."

"Kitu gani?"

"Mama Kwa Nini, mimi ni bwana shamba. Sisi bati tunalipaka rangi." Akawasha pikipiki.

Rangi! Gaudiosa alikwenda mezani kwake karibu anakimbia. Kati ya kyuteksi zake kulikuwa na chupa ya ile isiyo na rangi, ambayo hakuna msichana wa Mbinga aliyekuwa anaitaka, maana nani anunue rangi isiyoonekana? Akapaka pete moja upande wa ndani, akaacha ikauke, akapaka tena, kisha akaitia kwenye beseni. Siku mbili baadaye ilikuwa safi. Siku ya nne, baada ya kusuguliwa sana, kyuteksi ilianza kubanduka mahali pamoja, na hapo hapo kijani kikachungulia. Basi ni kinga ya muda, akajiambia, inatakiwa kupakwa upya kila ikichoka. Alifurahi kiasi cha kumweleza muuza chumvi habari yote tangu mwanzo, na muuza chumvi, ambaye hajawahi kuvaa pete maishani, alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia.

Furaha hiyo haikumsaidia Herieth hata kidogo. Ilikuwa Jumanne tayari, na wazee walikuwa wanateremka Jumapili.

Jumatano alfajiri Gaudiosa alipanda mlima upande wa Litembo, kwa akina Aidan. Ngoro, yale mashimo ya kulimia ya milimani, zilikuwa zimejipanga kwenye miteremko, shimo kwa shimo, na ukungu ulikuwa bado umelala chini mabondeni. Alimkuta Walburga nyuma ya nyumba, ameinama juu ya beseni kubwa, mikono imezama kwenye kahawa mpaka viwikoni. Alikuwa peke yake. Vichanja vitatu vilikuwa tupu na magunia mawili ya matunda yalikuwa yanangoja kumenywa, mengine yameshaanza kulainika. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane, mgongo umeshaanza kukataa, na mtu aliyekuwa anamsaidia amemfukuza mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa mapambo?"

"Ni mimi. Na nimekuja na kosa langu." Gaudiosa aliona heri aanze nalo kabla moyo haujarudi nyuma. "Mwanao aliniuliza kama pete ni dhahabu, nikamkwepa. Si dhahabu, mama. Ni shaba imechovywa dhahabu kidogo juu. Kijani kile ni shaba, inaliwa na kahawa. Binti wa watu hana kosa."

Akafungua kitambaa, akapanga pete zake juu ya jiwe, akaeleza: hii ilikaa kavu, hii kwenye maji, hii kwenye sabuni, hii kwenye kahawa. Akaeleza pia kuhusu Aidan, kwamba karani wa kahawa anashika kahawa iliyokwishakauka, anashika kalamu na mizani, mikono yake haizami popote, ndiyo maana kidole chake ni safi.

Walburga alisikiliza huku anasugua. Kwenye kidole chake pete ilikuwa inang'aa ndani ya utelezi. Marehemu mumewe alirudi nayo kutoka migodi ya dhahabu ya nchi za kusini, dhahabu kweli kweli, na kwa miaka thelathini na minne ilikuwa imeosha kahawa, imefua, imelima ngoro, na haijawahi kubadilika hata siku moja. Ukiwa na pete kama hiyo ni rahisi sana kuamini kwamba pete za watu wengine zinasema kitu.

"Pete zako zilikaa kwenye vikombe," alisema hatimaye. "Kikombe hakina dhambi. Kigeuke kisigeuke, hakinionyeshi kitu kuhusu mtu."

"Nitavaa mimi mwenyewe, nioshe hapa mbele yako."

"Wewe!" Walburga alicheka kwa mara ya kwanza. "Mtu wa sokoni! Kidole chako kikigeuka, nitajuaje ni kahawa na si yale unayowaambia wateja?"

Gaudiosa hakukasirika, maana palikuwa na ukweli hapo. Akatazama huku na huku, kuku, vichanja, mlima mzima.

"Basi niambie, mama. Kidole cha nani hapa kijijini kinaaminika?"

Walburga aliacha kusugua.

Mwenyekiti wa akina mama hawezi kumtaja mtu mwingine kwa swali kama hilo bila kujishusha mwenyewe, na hawezi kujitaja bila kuingia mtegoni. Gaudiosa aliliona hilo usoni mwake, akaona pia kwamba mwanamke huyu ana hofu. Kidole chake kikigeuka, ama shaba ndiyo yenye kosa, ama yeye. Na tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba hakuna mtu asiye na lake.

"Lete," alisema Walburga.

Alinyoosha mkono unaotiririka utelezi, akaipokea pete ya shaba, akaivaa kwenye kidole cha katikati, jirani kabisa na ile ya dhahabu. Kisha akairudisha mikono yote miwili kwenye beseni.

"Siku nne," alisema. "Sasa ondoka, unanichelewesha."

Siku nne hizo Gaudiosa hakuuza kitu cha maana. Alikuwa anajiuliza kila kinachoweza kuulizwa. Je, shaba ya pete ile ikiwa imepakwa dhahabu nene kidogo kuliko wenzake? Je, Walburga akiivua kwa siri? Je, kidole kikigeuka, akakificha? Mtu anaweza kupaka majivu, akasugua kwa limao, akajitokeza Jumapili na kidole cha mtoto mchanga, na hapo Herieth amekwisha, atabaki ziwani na jina bovu mpaka uzee. Na yeye Gaudiosa ndiye aliyemkabidhi mama huyo silaha ya mwisho.

Jumapili baada ya misa ya kwanza alipanda lori lile lile walilopanda wakwe, bila kualikwa na mtu. Walikuwa watatu: Walburga, Aidan, na mzee mmoja wa ukoo aliyevaa koti la marehemu kaka yake. Walburga alikaa mbele, karibu na dereva, mkono wa kushoto ameuzungushia kitenge mpaka kwenye kiwiko. Gaudiosa alisalimia. Walburga akaitikia, akageuka kutazama barabara. Njia nzima ya kuteremka, kona kwa kona, mpaka ziwa likafunguka chini buluu tupu, mkono ule haukutoka kwenye kitenge, na Gaudiosa, mwenye maswali yote ya dunia, hakuthubutu kuuliza hili moja.

Mzee Bartholomayo, baba yake Herieth, aliwapokea uani kwake. Alikuwa mvuvi, mrefu, mwenye sauti ndogo. Walikuwa wamepata usipa mwingi, wale dagaa wa ziwani, asubuhi hiyo. Nusu ulikuwa umeanikwa kwenye vichanja na nusu ungali kwenye beseni, na Herieth alikuwa ameitwa kutoka kwenye kazi hiyo, magamba yakiwa bado mikononi. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya baba yake. Hakumtazama Aidan. Salamu zilizungushwa, za nyumbani, za kahawa, za ziwa, kisha mzee wa koti akakohoa kusafisha koo.

"Samahani, baba," Walburga alimkatiza. "Hili ni langu."

Akafungua kitenge.

Kidole cha pete ya dhahabu kilikuwa kama siku zote. Cha jirani yake kilikuwa kijani kutoka kifundo hadi kifundo, kijani kizito, kibaya kuliko kile cha Herieth, na hakuwa amekisugua kwa majivu wala kwa limao. Aliuweka mkono huo juu ya goti lake, wote wauone.

Mzee Bartholomayo aliinama kuutazama. "Mama," alisema taratibu, wala hakuwa anatania, "na wewe umefanya nini?"

"Nimeosha kahawa," alisema Walburga.

Gaudiosa akasimama, ingawa hakuna aliyempa nafasi, akasema mbele ya wote kwamba pete aliziuza yeye, kwamba aliulizwa kama ni dhahabu akakwepa, na kwamba aibu iliyoangukia nyumba hii ilianzia mdomoni mwake. Mzee wa koti alimwangalia kwa jicho kali. Aidan alikuwa anatazama kidole chake kisafi. Baada ya muda aliuingiza mkono huo mfukoni.

Lakini Walburga hakuwa amemaliza. Alikuwa amegeukia nyuma ya Mzee Bartholomayo, kwa Herieth.

"Siku ya kwanza nilikwambia usiivue," alisema. "Ungekuwa mbishi, ukaivua kila unapoosha, kidole kingebaki safi na mimi ningekusifu kanisani. Ulinisikiliza. Nikakufukuza kwa sababu ulinisikiliza." Akauinua tena ule mkono wenye kijani. "Nimeosha siku nne, mwanangu, nimeona. Peke yangu. Nisamehe."

Mama mkwe kumwomba mkamwana msamaha mbele ya wazee ni jambo ambalo watu pale hawakuwa wamewahi kuliona. Herieth alitazama chini kwenye mikono yake mwenyewe. Pete ilikuwa kidoleni. Hata huku kwao, kwenye usipa na maji na sabuni, hata baada ya kufukuzwa kwa ajili yake, hakuwa ameivua.

Sasa aliishika. Ilikataa mwanzoni, akaizungusha, akaivuta kupita kifundo, ikatoka kwa mara ya kwanza tangu altareni. Akainuka, akavuka mkeka, akaiweka kwenye kiganja cha Walburga.

"Nishikie, mama," alisema. "Nina usipa sijamaliza kuosha. Nikimaliza nitanawa, nitajifuta, utanirudishia."

Akaenda kwenye beseni. Walburga alifumba mkono, akakaa akimsubiri.